Aibu Hujificha, Majuto Hurudi Nyumbani



Leo tuzungumze juu ya jambo linalokaa katika nyumba nyingi bila kutajwa. Mmoja wenu amekosa. Anajua amekosa, lakini hasemi. Ananuna, anachelewa kurudi, anafoka kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Mwenzake anabaki akijiuliza, "Nimemkosea nini?" Kumbe mwenye kosa ni yule yule anayefoka.

Huku kwetu Trans Nzoia na Bungoma mambo haya huonekana sana kati ya mavuno na kufunguliwa kwa shule. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, magunia yanauzwa, na kila mtu nyumbani anajua kwamba fedha hizo ni za karo ya Januari na mbolea ya Machi. Sasa tuseme baba ameuza magunia kumi, na nusu ya fedha imeishia katika kamari ya simu. Alianza na shilingi mia moja, akashinda kidogo, kisha akaanza kuzifukuza zile alizopoteza. Au tuseme mama alichukua mkopo katika kikundi ili aongeze biashara ya mitumba. Biashara ikaanguka, akakopa kwenye simu ili alipe kikundi, na sasa wanachama wamesema watakuja kuchukua viti na mbuzi. Kila mmoja wa hawa analala kitanda kimoja na mwenzake, na hajasema neno.

Kwa nini mtu mzima, Mkristo, anayempenda mwenzake, ashindwe kusema, "Nimekosa"? Mara nyingi ni kwa sababu amebeba mizigo miwili moyoni akidhani ni mmoja. Mzigo wa kwanza ni majuto. Wa pili ni aibu.

MAJUTO NA AIBU SI KITU KIMOJA

Majuto hutazama tendo. Husema, "Nimefanya jambo baya." Aibu hutazama mtu mwenyewe. Husema, "Mimi ni mbaya. Mimi ni bure. Wakinijua watanidharau." Unaona tofauti? Tendo baya linaweza kutubiwa, kulipwa na kuachwa. Lakini mtu akishaamini kwamba yeye mwenyewe ndiye uchafu, ataosha nini? Anaona njia moja tu, nayo ni kujificha.

Wataalamu wa mambo ya moyo na akili wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka wa 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, alitoa kitabu kilichotenganisha hisia hizi mbili kwa njia hii hii. Baadaye June Price Tangney na wenzake walifanya utafiti mrefu, na mwaka wa 2002 yeye na Ronda Dearing wakatoa kitabu juu yake. Walichokiona kinatufaa sisi tulio katika ndoa. Watu wenye mwelekeo wa kujuta kwa ajili ya tendo huwa wepesi wa kumhurumia waliyemkosea na kutaka kurekebisha mambo. Watu wenye mwelekeo wa kuzama katika aibu huwa wepesi wa kukasirika na kuwatupia wengine lawama. Basi ule ukali wa ghafla nyumbani, ule wa chumvi kwenye mboga, pengine ni aibu iliyovaa koti la hasira.

Haya hayakuanza leo. Fungueni kitabu cha Mwanzo. Mwishoni mwa sura ya pili, mume na mke wa kwanza wako uchi mbele ya kila mmoja wala hawaoni aibu. Hiyo ndiyo picha ya ndoa jinsi Mungu alivyoitaka: watu wawili wanaoweza kujulikana bila kuogopa. Katika sura ya tatu wanakosa, na tazameni yanayofuata kwa mpangilio wake. Kwanza wanajifunika majani. Pili wanajificha kati ya miti. Tatu, Mungu anapouliza, Adamu anamwelekezea mkewe kidole, na mke anamwelekezea nyoka. Kujifunika, kujificha, kulaumu. Hakuna aliyeomba msamaha.

AIBU YOTE NI MBAYA?

La. Tusiseme hivyo. Lugha yetu ina neno zuri, haya. Mtu mwenye haya hujizuia kabla ya kutenda. Ana mpaka. Ndiyo maana kumwambia mtu "huna haya" ni tusi zito. Haya ya namna hii ni mlinzi wa nyumba, na tunaomba watoto wetu wawe nayo. Taabu iko katika fedheha inayomkaba mtu baada ya kukosa na kumfungia mlango wa kurudi.

Mila zetu nazo zimetufunza kuikimbia fedheha. Kwa Wabukusu, Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa maana ya mwaka wa shufwa kama 2022 na 2024, vijana husimama mbele ya kisu. Anayetikisika huwaletea aibu watu wa nyumba yake. Ni mafunzo ya ujasiri, na hatuyadharau. Lakini wako wanaume wanaoingia nayo katika ndoa wakidhani kwamba kumwambia mke "nisamehe" ni kutikisika. Ndugu yangu, kisu kile kilikutaka usimame bila kukimbia. Kusema kosa lako mbele ya mkeo bila kukimbia ni kusimama pia.

Akina mama nao, siku ya kuolewa, wanausiwa na shangazi watunze siri za nyumba. Usia huo ni mwema. Lakini siri za nyumba hutunzwa zisitoke nje ya nyumba. Mkopo unaofichwa mumeo asiujue ni siri iliyoingia kati ya mume na mke, na kazi yake ni kuwatenganisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeogopa kujulikana na mwenzi wake hawezi kuzaa matunda ya ndoa, hata kama watoto ni wengi.

YUDA NA PETRO

Usiku ule Bwana wetu alipokamatwa, mitume wawili walimkosea vibaya. Yuda alimuuza. Petro alimkana mara tatu. Wote wawili waliumia sana baadaye. Tusidhani kwamba Yuda hakujuta. Injili ya Mathayo, sura ya 27, inaeleza kwamba alizirudisha zile fedha thelathini na kukiri kwamba ametenda dhambi. Lakini alikwenda kukiri kwa nani? Kwa makuhani wakuu na wazee, waliomjibu kwamba hilo haliwahusu, ni shauri lake. Akatoka peke yake akaenda kujinyonga.

Petro alilia kwa uchungu, lakini hakubaki peke yake. Katika Yohane sura ya 21 tunamkuta na wenzake, wakivua samaki. Na Bwana Mfufuka alipompata pale ufukoni, karibu na moto wa makaa, hakumwita mwoga wala msaliti. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akampa kazi ya kulisha kondoo wake. Kosa halikufichwa, kwa maana maswali matatu yaligusa vidonda vitatu. Lakini Petro hakuvuliwa utu wake.

Mtakatifu Paulo anaeleza jambo hili katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 7. Iko huzuni ya kumpendeza Mungu, inayoleta toba na wokovu. Na iko huzuni ya dunia, inayoleta kifo.

Sasa tujiulize sisi tulio katika ndoa. Mume wako au mke wako atakapokuja na fedha zake thelathini mkononi, akikiri, atamkuta nani mlangoni? Atamkuta kuhani mkuu wa kumwambia, "Shauri yako"? Au atakuta moto wa makaa?

KWA YULE ALIYEKOSA

Mama Kanisa ametupa mpangilio katika sakramenti ya Kitubio: majuto, maungamo na malipizi. Mpangilio huo huo unafaa sebuleni.

1. Jute tendo. Litaje kwa jina lake mbele ya Mungu kwanza. "Nimepoteza fedha za karo kwa kamari." Usiseme, "Mimi ni takataka." Mungu hakuumba takataka.

2. Ungama bila kuzungukazunguka. Chagua wakati watoto wamelala na hakuna aliyekunywa. Sema jambo lote mara moja, pamoja na kiasi. Anayesema leo elfu tano, kesho ikajulikana ni elfu ishirini, amemuumiza mwenzake mara mbili. Na liache lile neno "lakini". "Nimekosa, lakini na wewe unanisumbua" ni Adamu akielekeza kidole.

3. Lipiza. Zakayo, katika Luka sura ya 19, hakuishia kusema pole. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Wewe utarudisha nini? Pengine utampa mwenzako kazi ya kutunza fedha za mavuno yajayo. Pengine utaifunga akaunti ya kamari na kumwonyesha simu bila kuombwa. Pengine mtakwenda wawili kwa viongozi wa kikundi kupanga malipo kidogo kidogo. Samahani isiyo na malipizi huchakaa haraka.

Kisha nenda kwa padri ukaungame. Lakini usitumie kitubio kumkwepa mwenzi wako. Wako wanaosema, "Nimeshaungama, yameisha." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inafundisha kwamba maondoleo hufuta dhambi, ila hayatengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi hiyo. Karo bado inadaiwa. Moyo wa mama watoto bado una kidonda.

KWA YULE ALIYEKOSEWA

Kazi yako ni ngumu kuliko ya mwenzako. Umeumizwa, na una haki ya kusema umeumizwa. Ukali wa maneno si dhambi kila mara. Lakini elekeza maneno yako kwenye tendo.

Linganisheni majibu haya mawili. La kwanza: "Wewe ni bure kabisa. Ndiyo maana hata ndugu zako wanakudharau." La pili: "Baba watoto, hizo zilikuwa fedha za karo. Nimeumia sana, na sijui mtoto ataripoti shuleni na nini. Tutafanyaje?" Jibu la pili si laini. Linauma, na linatakiwa kuuma. Lakini limemwachia mtu mlango wa kurudi. La kwanza limemfundisha kwamba siku nyingine afiche vizuri zaidi.

Msiaibishane mbele ya watoto, wala mbele ya shemeji, wala kwenye mkutano wa jumuiya ndogondogo kwa kisingizio cha kuomba sala. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mungu amekufanya wewe mwosha wa aibu za mwenzako. Mwosha hatoki nje kutangaza aliyoyaona.

Na kama mwenzako amekiri kwa sababu tu umeuona ujumbe kwenye simu yake? Wengi husema, "Hujatubu, umekamatwa tu!" Ni kweli, majuto ya namna hiyo hayajakamilika. Lakini Kanisa hufundisha kwamba hata majuto yasiyo kamili, yale yanayotokana na kuogopa adhabu au kuuona ubaya wa dhambi, ni zawadi ya Mungu na ni mwanzo wa safari. Usiuzime utambi unaofuka moshi. Ngoja uone malipizi.

Msamaha nao unaweza kuchukua muda. Si vibaya kusema, "Nataka kukusamehe, ila bado nina uchungu, nipe siku." Ni vema kuliko kusema "yameisha" Jumapili, na Alhamisi kulifufua katika ugomvi wa jambo lingine.

AIBU ISIYO NA KOSA

Kuna aibu nyingine inayowatesa watu ambao hawakukosa hata kidogo. Mama anayezaa wasichana watupu anasemwa na mawifi mpaka anainamisha kichwa. Sayansi imeshathibitisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Hata baba haamui kwa kutaka kwake, basi naye hana kosa. Wenzi wasiopata mtoto nao: chanzo kinaweza kuwa upande wa mume, upande wa mke, au pande zote mbili, na hospitali huwapima wote wawili. Mume anayekataa kupimwa na kumwacha mkewe abebe lawama peke yake, huyo ndiye mwenye la kuungama. Vivyo hivyo baba aliyepoteza kazi kiwanda kiliposimama, au mama aliyeharibikiwa na mimba. Hapa hapahitajiki kitubio. Panahitajika mwenzi wa kusema, "Hukukosa."

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, Hana hakuwa na mtoto, na Penina alimchokoza mwaka baada ya mwaka. Elkana mumewe hakujiunga na wachokozi. Alimuuliza kwa upole kwa nini analia na hali. Akina baba, dada zenu na mama zenu wanapomsema mke wenu, ninyi mko upande wa nani?

AIBU IKIGEUKA NGUMI

Hapa lazima tuseme wazi. Wako wanaume ambao aibu yao ya kukosa kazi, ya madeni au ya pombe huishia kwenye mwili wa mke. Asubuhi wanaomba msamaha wakilia, na mwisho wa mwezi wanarudia. Machozi hayo yanaweza kuwa ya aibu tu. Majuto yangeonekana katika malipizi: kuacha pombe, kutafuta msaada, kukubali kusimamiwa na wazee na padri.

Mama unayepigwa, usidhani kwamba sakramenti ya ndoa inakulazimisha kukaa chini ya hatari. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu anayehatarishwa vikali, yeye au watoto, kutengana na mwenzi wake. Na hatari ikiisha, maisha ya pamoja yarudishwe. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inakuwezesha kuomba mahakamani amri ya kulindwa. Hata baba anayepigwa analindwa nayo. Aibu ya kusemwa na majirani isikufunge mdomo. Mficha maradhi kilio humfichua.

Na mwenzi wako akianza kusema kwamba ni afadhali afe, au kwamba nyumba ingekuwa na amani bila yeye, usimcheke wala usimwambie "jaribu tuone". Mkumbuke Yuda aliyeachwa atoke peke yake. Kaa naye, ondoa dawa za shamba karibu naye, ita mtu mnayemwamini, na mpeleke hospitali.

KUANZA LEO

Papa Fransisko, katika wosia wake wa 2016 juu ya upendo katika familia, alikumbusha maneno matatu ya kila nyumba: tafadhali, asante, samahani. Hilo la tatu ndilo gumu. Hulainika likizoewa katika mambo madogo. Anayeweza kusema samahani kwa kuchelewa na kuacha chakula kipoe, siku ya jambo kubwa ulimi wake utajua njia. Na anayepokea samahani ndogo bila kejeli anamwandalia mwenzake mahali pa kuleta kubwa.

Jioni moja wiki hii, mkiwa wawili, jaribuni maswali haya. Kila mmoja ajibu juu yake mwenyewe, si juu ya mwenzake.

1. Ninapokosa, huwa najificha wapi? Katika kunyamaza, katika hasira, au katika kazi?

2. Je, kuna neno nililowahi kumwambia mwenzangu lililomwaibisha yeye badala ya kulikemea tendo lake?

3. Je, kuna aibu ninayoibeba ambayo si kosa langu? Mwenzangu anaijua?

4. Katika fedha zetu, kuna jambo ambalo bado sijalisema?

Mkimaliza, shikaneni mikono, msali:

Ee Bwana Yesu, uliyemtazama Petro usiku alipokukana, ututazame na sisi. Utupe ujasiri wa kutaja makosa yetu, na upole wa kuyapokea ya wenzetu. Ondoa katika nyumba yetu aibu inayotufanya tujifiche, utupe majuto yanayoturudisha kwako na kwa kila mmoja wetu. Amina.